Maswali Yanayokwenda na Kidonge

Moshono, Jumamosi jioni

Mwanangu Elipendo,

Barua hutakiwa kuanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa tisa ukiwa umeshiba ndizi, umevaa viatu vyangu bila kuomba, ukaenda Akheri kumuaga bibi yako. Utarudi kabla giza halijaingia, kwa sababu nimekwambia, na kwa sababu mama yako mdogo Ndeshi amesema atakuja nawe alale hapa ili kesho tukupeleke wote stendi. Kwa hiyo nina kama saa mbili za kuandika. Baba yako yuko uani anafunga kamba kwenye begi lako kubwa kana kwamba linakwenda vitani. Mlima uko wazi leo, kileleni hakuna hata wingu, na mimi nimekaa mezani na chai yangu, moyo umetulia kuliko nilivyotegemea.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa chumba, wala za kuchemsha maji, wala za watu wa kuwaepuka huko chuoni Mwanza. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nakuandikia habari za uso wangu. Na za uso wako pia, ila huo tutaufikia.

Madoa haya unayoyaona mashavuni mwangu, wewe ndiye uliyeniletea. Usinune, ndivyo ilivyo. Mimba yako ilipofika miezi mitano nilianza kuona kivuli juu ya mdomo, kama mtu aliyekunywa uji akasahau kujifuta. Kikapanda mashavuni, kikakaa kwenye paji la uso. Wakunga wenzangu wakaniambia nikijifungua kitaondoka. Nilijifungua, wewe ukatoka mweupe na mwenye kelele, na kivuli kikabaki.

Wakati huo nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye chumba cha kujifungulia. Nilijua ubaya wa mkorogo kwa maneno yote ya darasani. Nilikuwa nikiwasimamisha kina mama kliniki nikiwaambia, jamani, hizi krimu za kuchanganya mtu asiyejulikana zinaharibu ngozi. Wewe ulipofikisha miezi sita nilikwenda sokoni nikanunua kikopo kisicho na lebo, nikakificha nyuma ya dumu la mafuta ya taa. Wiki ya pili uso uling'aa, nikajiona mrembo, nikaanza kupita njia ndefu ili watu wanione. Wiki ya sita ukawa mwekundu na unawaka kila nikikaribia jiko. Nilipoacha, madoa yalirudi meusi zaidi ya mwanzo. Nikarudi kliniki kuwafundisha kina mama ubaya wa mkorogo, nikiwa nimejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walikuwa na adabu kuliko mimi.

Nilikaa hivyo miaka. Ulikuwa darasa la pili nilipopata nafasi ya kumwona daktari wa ngozi. Mama mmoja mfupi, mpole, ana miwani ya kamba. Akanitazama uso kwa taa, akaniandikia mafuta ya kujikinga na jua, akaniambia nivae kofia pana shambani, kisha akaandika vidonge. Nikasoma jina, nikashtuka. Nikamwambia, "Daktari, hivi mimi navijua. Hivi tunampa mama akitokwa na damu."

Akacheka. "Ndivyo. Kazi yake ni hiyo, kuzuia damu isitoke ovyo. Ila kuna wagonjwa walipewa kwa shida nyingine kabisa, madaktari wakaona madoa ya uso yanafifia. Basi na sisi wa ngozi tukaiazima."

Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha hivyo. Labda kwa sababu nilizoea kuona dawa kama watu wa ofisini, kila mmoja na meza yake. Kumbe dawa inaweza kuwa na kazi ya pili ambayo hata aliyeitengeneza hakuijua. Nilikuwa bado natabasamu alipoanza kuniuliza maswali. Umewahi kuvimba mguu mmoja? Kuna mtu kwenu aliyewahi kuganda damu kwenye mguu au kifuani? Unatumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango? Una mimba? Umejifungua karibuni? Una safari ndefu ya kukaa tu, au kazi ya kukaa kutwa? Nikajibu hapana, hapana, hapana, huku nawaza nitakavyopendeza Krismasi.

Aliona siko naye. Akaweka kalamu chini, akasema, "Dawa ukiibadilishia kazi, tabia yake inabaki ileile. Hii ni ya kugandisha. Haijui kwamba safari hii imeitwa kwa ajili ya uso."

Babu yako alistaafu jeshi akawa mlinzi wa kanisa, na mpaka anakufa alikuwa akimpigia mchungaji saluti. Kwa hiyo nilielewa. Nilielewa kabisa, nikatoka pale, nikasahau.

Vidonge vilinifaa, sikufichi. Mwezi wa pili madoa yalianza kuachia. Mwezi wa tatu nilisimama mbele ya baba yako nikamuuliza kama haoni tofauti yoyote. Akanitazama sana, maskini, akasema, "Umesuka?" Karibu miaka minane nimejificha ndani ya kilemba, na mwanaume niliyekuwa nikimficha hakuwahi kuona doa hata moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Uso ulishapendeza, nikaacha dawa kabla ya kumaliza, na vilivyobaki nikaviweka kabatini.

Wakati huo nilikuwa nimehamia duka la dawa hapa Moshono, na unajua wateja wanavyoniita. Dokta. Dokta, mtoto anakohoa. Dokta, nina gesi. Mwanzo nilikuwa nakataa, nasema mimi si daktari. Baadaye nikawa naitika. Jina hilo ni tamu, mwanangu, na wewe utaitwa hivyo siku utakayovaa koti jeupe la maabara, hata kabla hujajua chochote.

Sasa nifike kwa Ndeshi.

Mama yako mdogo alimzaa Baraka ulipokuwa na miaka tisa. Alijifungulia hospitali, mambo yakaenda salama, akarudi Akheri kwa bibi yako kulelewa uzazi. Utakumbuka ile nyumba ilivyokuwa inanukia mtori wa ndizi na nyama. Mama akijifungua huku kwetu, mtoto analelewa na mama naye analelewa. Haoshi kikombe. Hachoti maji. Halimi, hafagii, hainuki kitandani ila kwa sababu maalumu. Analetewa mtori asubuhi, maziwa mchana, nyama jioni, na kila anayeingia anamwangalia amenona kiasi gani, kwa sababu unene wake ni sifa ya nyumba nzima. Halafu siku ya ubatizo anatoka, na kanisa zima linageuka kumtazama.

Nilikwenda kumwona siku ya kumi na mbili. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikadhani analia kwa uchovu. Akageuka, nikaona uso wangu wa zamani. Kivuli juu ya mdomo, mashavuni, kwenye paji.

"Dada," akasema, "nitatokaje kanisani hivi? Mama mkwe amekuja jana, anasema nina uso kama sufuria iliyosahaulika motoni."

"Kasema hivyo?"

"Mbele ya watu. Dada, wewe ulifanya nini? Ulikuwa hivihivi, sasa uko safi. Usininyime."

Elipendo, nilijisikia mkubwa siku ile. Dada mwenye elimu. Dokta. Duka letu haliruhusiwi hata kuviuza vidonge vile, lakini vyangu vilikuwa kabatini. Kesho yake nilivileta kwenye bahasha, nikampa bibi yako ampe asubuhi na jioni baada ya chakula, nikasema ni vya kusafisha uso. Bibi yako akavipokea kwa mikono miwili. Anavyoniamini yule mama, ungenionea huruma.

Maswali je? Sikumuuliza hata moja. Umejifungua karibuni? Mtoto alikuwa amelala ubavuni mwake. Unakaa tu kutwa? Alikuwa kitandani siku kumi na mbili na ndiyo ilikuwa fahari yetu. Majibu yote yalikuwa mbele ya macho yangu, nami niliyetoka chumba cha kujifungulia, niliyejua kwamba damu ya mzazi huganda upesi. Nilichukua dawa ya yule daktari nikaacha maswali yake mezani kwake.

Jumamosi ya pili baada ya hapo nilipanda tena Akheri. Bibi yako alikuwa na furaha. Akanivuta mpaka kitandani, akafunua khanga, akasema, "Njoo uone mguu wa mwanangu ulivyonawiri! Mtori umefika!"

Nikacheka naye. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba nilicheka kwanza. Kisha nikaona ni mguu mmoja. Wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi imevutika inang'aa, na wa kulia ulikuwa mguu wa Ndeshi wa siku zote. Nikaugusa, ulikuwa wa moto. Nikamuuliza unauma, akasema, "Tangu juzi, kwenye misuli. Nimeona nisiseme, wangeniambia nimelala vibaya."

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani anayepeleka maziwa, kati ya madumu, Baraka kwenye mapaja ya bibi. Nilikaa nimemshika mguu ule kwa mikono miwili kama vile ningeweza kuirudisha damu.

Hospitalini daktari kijana alimwandika jina, umri, siku aliyojifungua, kisha akauliza, "Anatumia dawa yoyote?"

Ndeshi akanitazama. Bibi yako akanitazama. Nikasema, "Hapana."

Nimeliandika hili sasa hivi nikainuka mezani, nikarudi, ingawa imepita miaka kumi na moja. Kumpa vidonge lilikuwa kosa la mtu asiyefikiri, na makosa ya namna hiyo naweza kujisamehe. Lile "hapana" nililifikiria. Nilifikiria duka, nikafikiria jina langu la dokta, nikafikiria huyu kijana atakavyonitazama. Nikatoka nje, nikasema naenda kunawa uso.

Kwenye bomba nilinawa kweli. Niliporudi mlangoni nikaona bibi yako amekaa kitandani kwa Ndeshi, kikombe cha maji mkono mmoja, bahasha yangu mkono wa pili. Ilikuwa saa ya kidonge cha jioni. Nilimwambia ampe jioni, naye hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alikuwa ameileta ile bahasha kifuani toka Akheri.

Nilimnyang'anya mama yangu mzazi kikombe. Maji yakamwagika kitandani. Nikaenda kwa yule daktari na bahasha nikaiweka mezani kwake, nikamwambia ni nini, nani ametoa, kwa siku ngapi. Nikamwambia pia kwamba nilidanganya. Nilisubiri anitukane. Aliandika tu, akaandika muda mrefu, kisha akasema, "Asante kwa kurudi, mama."

Alipona. Zilikuwa sindano tumboni siku nyingi, kisha vidonge miezi, na ubatizo wa Baraka ulisogezwa mpaka tukachoka kuulizwa. Damu haikupanda kifuani. Ingepanda, barua hii ingekuwa nyingine, na sidhani kama ningekuwa na mkono wa kuiandika. Lakini mguu ule haukurudi kuwa kama mwenzake. Zile soksi ndefu za kubana ambazo mama yako mdogo anavaa hata Januari, na mnamtania kwamba anajiandaa kucheza mpira, ni za mguu huo. Anatembea polepole kwa sababu hiyohiyo.

Nilimwambia Ndeshi yote, akiwa bado wodini. Akasema, "Dada, ulitaka nipendeze." Halafu akaanza kulia, nikalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili naye akalia bila kujua sababu. Hajawahi kunitupia hilo neno mpaka leo, hata tukigombana, na unajua tunavyogombana. Bibi yako ndiye ambaye hajui. Anaamini ni baridi ya sakafu, na lile la kikombe anasimulia kwamba mimi nilichanganyikiwa. Nimejipangia kumwambia kesho, baada ya kukuaga, nikimrudisha Ndeshi Akheri. Nikikwambia wewe leo, kesho sitapata pa kukimbilia.

Sasa uso wako.

Mchana nilikuwa nakunja vitenge vyako, nikafungua kile kikopo cha sabuni kuona kama kimekauka. Ndani hamkuwa na sabuni. Sikuwa napekua, ingawa nakubali kwamba mama hapekui ila kila kitu kinamwangukia mikononi. Vidonge ni vilevile. Vinne vimeshatoka. Sijui umevipata wapi, si kwangu, boksi la aina hii silijui. Nadhani umeagiza kwa simu.

Nilikaa kitandani kwako. Nikakumbuka tangu umalize kidato cha sita unavyokaa upande wa kivuli, na picha zako zote unavyozipitisha kwenye ile programu ya kulainisha uso mpaka shangazi zako wanauliza huyu ni nani. Niliona, nikanyamaza, nikidhani nikitaja madoa yako ya chunusi nitakuumiza. Mama mwenye uso kama wangu, kati ya watu wote, nilikuacha uende na jambo hilo peke yako mpaka kwenye kikopo cha sabuni. Hilo nalo ni kosa langu, liongeze kwenye orodha.

Sisemi dawa hii ni mbaya. Ilinisaidia, inasaidia watu, na sijasahau jioni ile ulipotusomea kwenye simu kwamba kuna wanaojaribu dawa ya kisukari iwe mafuta ya madoa, ukasimama katikati ya sebule ukasema, "Mama, mimi nitakuwa natafutia dawa za zamani kazi mpya!" Nilifurahi usiku kucha. Nikamwambia baba yako, basi mimi nilianza utafiti huo kabla ya mwanangu, ila nilifeli. Akadhani natania.

Ninachokuomba ni maswali. Kesho utakaa kwenye kiti cha basi tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mama yako mdogo, damu moja na wewe, aliganda damu mguuni. Hayo ni majibu mawili tayari, na yote mawili ni ndiyo. La tatu ni lile la uzazi wa mpango. Sikuulizi. Nasema kweli sikuulizi, na ukinijibu nitajifanya sijasikia. Lakini kuna daktari atakayekuuliza, na huyo umjibu ukweli wote, hata kama amevaa kama mchungaji. Madoa ya chunusi pengine hayahitaji hata kidonge hiki. Mimi sijui, na safari hii nakubali kwamba sijui. Kamwone mtu anayejua, ukiwa umefika. Mpaka hapo usimeze cha tano.

Nilifikiri kuvichukua. Nilivishika, nikafika navyo mpaka jikoni. Halafu nikavirudisha. Kesho kutwa utakuwa na simu yako na duka jingine lolote, na mimi nitakuwa Moshono. Na ukimaliza chuo utakuwa na makabati mazima ya vidonge, na watu wamepanga foleni wanakuita dokta. Siwezi kukupokonya yote hayo. Nimeviacha palepale, na barua hii nitaikunja niiweke kwenye kikopo hichohicho juu yake. Nimechagua kukuamini, na ninaogopa, vyote viwili kwa pamoja.

Madoa yangu mengine yamerudi, umeyaona. Kila jua la Januari linaongeza kidogo, mvua zikija yanapoa. Naipaka ile dawa ya jua, navaa kofia yangu ya shamba ambayo mnaicheka, na siku nyingine nasahau kabisa kwamba nina uso. Nimeridhika, Elipendo. Nina mume asiyeona vizuri, nina dada aliyenisamehe, na nina binti anayekwenda kusomea ufamasia. Ukinikuta stendi nalia kesho, ni desturi tu ya stendi.

Mbwa wamebweka. Nimechungulia dirishani, ni ninyi, mmeshafika kwenye kona ya duka la mkaa. Una haraka ya kufika, naijua hiyo shingo yako, lakini umepunguza mwendo ili Ndeshi asiachwe nyuma. Umekuwa ukifanya hivyo tangu una miaka tisa, na hukuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa unajua.

Mama yako